Kuomba, kuuliza, kudai: nichague neno gani la Kiingereza?

Mwandishi wa Himbi (Goma)

Ndugu zangu, salaam.

Mimi ni mwandishi wa chama kidogo cha akina mama hapa Goma, mtaa wa Himbi. Kazi yangu ni kupokea maneno ya wanachama kwa Kiswahili, kuyapanga vizuri, kisha kuyafikisha kwa wafadhili kwa lugha wanayoisoma wao. Kwa miaka mingi lugha hiyo ilikuwa Kifaransa, nami nilikisomea tangu shule ya msingi, kwa hiyo sikupata shida. Lakini tangu nchi yetu ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, barua nyingi tunazopokea zinatoka Nairobi, Kampala na Kigali, na zinaandikwa kwa Kiingereza. Hata majirani zetu wa Gisenyi, ambao wazazi wao tulielewana nao kwa Kifaransa, wamesomeshwa kwa Kiingereza tangu Rwanda ilipobadilisha lugha ya kufundishia mwaka 2008.

Mwezi uliopita niliandika barua ya kuomba mashine sita za kushonea. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "We demand you a support for our widows." Kichwani nilikuwa na neno la Kifaransa "demander", nikakumbuka kwamba "demand" lipo katika Kiingereza, nikaridhika. Jibu lilikuja baada ya siku nne, fupi na kavu, likisema kwamba shirika hilo halina desturi ya kujibu madai. Sikuelewa tumewakosea nini, mpaka dada mmoja aliyesoma Uganda aliponieleza kwamba nilikuwa nimewaambia wafadhili "tunawadai". Niliona haya kwa ajili ya wale akina mama, ambao walikaa mchana mzima wakipima kila neno ili ombi lao liwe la heshima, nami nikaliharibu kwa neno moja.

Ripoti iliyofuata nayo ilirudishwa. Nilikuwa nimeandika "refugees" kwa familia zilizotoka Sake na Masisi, na msomaji akapiga mstari mwekundu chini ya neno hilo mara kumi na moja, bila maelezo yoyote.

Sasa nimepata orodha ya maneno yenye maana zinazokaribiana, na chini ya "ask" naona "request", "demand", "beg", "claim" na "inquire" yamekaa pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Orodha inaniambia kwamba yanafanana. Haisemi yanaachana wapi. Ninyi mnaofanya kazi hii, mkikaa mbele ya karatasi, mnajuaje kwamba hapa ni hili na pale ni lile?

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Dada yangu, pole sana kwa hiyo barua. Nimefundisha Kiingereza hapa Bukavu kwa muda mrefu, na kosa lako nalifahamu, kwa sababu ni kosa la njia. Ulitoka kwenye Kiswahili ukapitia Kifaransa kabla ya kufika kwenye Kiingereza, na huko katikati mzigo ukadondoka. Akina mama walisema "tunaomba". Kama ungelishika neno hilo mkononi bila kuliachia, lisingegeuka kuwa "tunadai".

"Demander" la Kifaransa linafanya kazi mbili ambazo Kiswahili kimezigawa: kuuliza, yaani kutaka jibu, na kuomba, yaani kutaka kitu. Kiingereza hutumia "ask" kwa kazi zote mbili, lakini huzitenganisha kwa neno dogo "for". "Ask the nurse" ni muulize muuguzi. "Ask the nurse for medicine" ni mwombe muuguzi dawa. Kila Kiswahili chako kinaposema "kuomba kitu", basi kwa kawaida "for" hutokea baada ya "ask". Neno "request" ni kuomba kwa adabu ya ofisi, na likiwa kitenzi halichukui "for": "we request your support", bila "a" mbele ya "support", kwa kuwa msaada wa namna hiyo Waingereza hawauhesabu mmoja, wawili. "Beg" ni kusihi, au kuomba kama aombavyo mtu aliyekaa kando ya barabara. Usiliweke katika barua ya chama. "Inquire" ni kuulizia habari, kama unapoulizia saa ya kuondoka kwa boti ya Goma. "Demand" ni kudai: anayedai anaamini kwamba kitu ni haki yake na hategemei kukataliwa. Wafanyakazi ambao hawajalipwa miezi mitatu wana sababu ya kutumia neno hilo.

Lakini na "kudai" lenyewe litazame kwa makini, kwa sababu linakwenda njia tatu. Tukisema "wanadai mishahara yao", ni "demand". Tukisema "anadai kwamba shamba ni lake", na sisi hatuna uhakika, ni "claim". Na tukisema "mwenye duka ananidai dola ishirini", Kiingereza hugeuza sentensi nzima na kumweka mdaiwa mbele: "I owe the shopkeeper twenty dollars." Hapo ukitafuta neno kwa neno hutalipata, lazima ujiulize nani ana deni.

Kuna jambo jingine ambalo huwaambia wanafunzi wangu kila mwaka: vitenzi vyetu vinaonyesha vyenyewe kama kuna mtu anayepokea tendo, na mara nyingi hapo ndipo Kiingereza kinapobadilisha neno. Wanafunzi huandika "he said me", kwa sababu Kifaransa kinasema "il m'a dit". Nami huwauliza: je, mnasema "alinisema"? Wanacheka, maana "alinisema" ni kwamba alinikaripia au alinisengenya. Wanasema "aliniambia". Basi "kusema" ni "say", halimbebi mtu moja kwa moja. "Kuambia" ni "tell", nalo kwa kawaida hutaka mtu baada yake. Vivyo hivyo "waliiba simu" ni "they stole the phone", lakini "waliniibia" hukaribia "they robbed me", kwa sababu "steal" hushika kitu na "rob" humshika mtu. Nasema hukaribia, kwa kuwa "rob" huwa na nguvu au vitisho ndani yake, kama kunyang'anya. Mtu akichomolewa simu katika soko la Kadutu akagundua akiwa amekwisha kufika nyumbani, aandike "someone stole my phone".

Ukilizoea hilo, jozi nyingine zitajipanga zenyewe. Kukumbuka na kukumbusha ni "remember" na "remind". Kujifunza na kufundisha ni "learn" na "teach", ambapo Kifaransa kingekupa "apprendre" kwa yote mawili na kukupotosha. Kukopa na kukopesha ni "borrow" na "lend", ila jihadhari na "kuazima", ambalo hata sisi hulitumia kwa mtoaji na mpokeaji. Ukilikuta, libadilishe kwanza liwe kukopa au kukopesha, ndipo ufasiri.

Mfasiri wa Katindo (Goma)

Dada wa Himbi, mimi nimefasiri mahojiano ya watu waliohamishwa na vita pembezoni mwa mji wetu, na huo mstari mwekundu nimeupata pia. Mwalimu amemaliza habari ya kuomba. Mimi nitasema juu ya neno mkimbizi.

Kiswahili chetu humwita mkimbizi kila aliyekimbia, awe amevuka mpaka au hakuvuka. Katika Kiingereza cha mashirika na cha sheria, mpaka ndio unaoamua. "Refugee" ni mtu aliye nje ya nchi yake. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamtaja kuwa ni mwenye hofu ya haki kwamba atateswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake la kijamii au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliipanua maana hiyo ili iwafikie pia wanaokimbia uvamizi kutoka nje na machafuko makubwa, lakini nao unamzungumzia aliyetoka nje ya nchi yake. Mama aliyetoka Sake akalala Goma hajavuka mpaka wowote, ingawa ameacha kila kitu. Huyo ni "displaced", na kwa ukamilifu "internally displaced person". Umoja wa Afrika ulimwekea mkataba wake huko Kampala mwaka 2009. Wanyarwanda walioingia Goma Julai 1994 walikuwa "refugees". Familia za Masisi zilizokimbilia Goma ni "displaced families". Ukiwachanganya, msomaji aliye mbali atadhani unamwandikia habari za watu wa nchi nyingine, na anaweza kuipeleka ripoti yako kwenye ofisi isiyohusika.

Sasa kitenzi chenyewe. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, majirani zangu walitawanyika usiku ule ule, wengine wakivuka kwenda Gisenyi, wengine wakishika barabara ya Sake kwa miguu, watoto mgongoni na magodoro kichwani. Tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu ya mji ihamwe. Waliotoka usiku wa kwanza "fled", kwa maana waliona hatari wakakimbia bila kuambiwa na mtu. Waliotoka kwa amri "were evacuated". "Run away" ningelitumia kwa mtoto aliyetoroka nyumbani. Na "escape" ni kukimbia pamoja na kuponyoka: ukiandika "they escaped from Sake", msomaji ataona watu waliotoroka kifungoni. Mtu anaweza "flee" na asifike salama. Hawezi "escape" na bado akawa amekamatwa.

Angalia pia "house" na "home", kwa sababu katika ripoti za Goma maneno haya hayaepukiki. Mwaka 2002 lava iliingia mjini hadi ziwani, ikafunika nyumba yetu hadi usawa wa madirisha. Baba alijenga nyingine juu ya lile jiwe jeusi, mahali pale pale, mlango ukielekea upande ule ule. Nikiulizwa kwa Kiingereza, "house" yetu ni ya pili, lakini "home" yetu ni ile ile. Ukihesabu mabati, mbao na kuta zilizoharibika, andika "houses". Ukisema watu wamepoteza mahali pao, pale wanapopaita kwetu, andika "homes".

Nyongeza fupi: vitu hupata "damage", bila "s". Ukiweka "damages", mwanasheria ataelewa fidia inayotolewa mahakamani. Watu hawapati "damage". Aliyeumia katika ajali ni "injured", na aliyejeruhiwa kwa risasi au panga ni "wounded".

Mkazi wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mwanangu wa Himbi, na wewe Mwalimu, nimewasoma kwa furaha, lakini lazima niseme kwamba Kiswahili hakitatuokoa kila mahali. Mimi nimefanya kazi miaka mingi na watu wa migodi huku Katanga, na neno letu moja "madini" limenitoa jasho kuliko yote. Jiwe la kijani unalolishika mkononi, lenye umbo na tabia yake, kama malakaiti, ni "mineral". Mwamba unaochimbwa kwa sababu una shaba ya kutosha kuuzwa ni "ore". Shaba iliyokwisha kutolewa ndani ya mwamba, nyekundu na yenye kung'aa, ni "metal". Ukimwandikia mnunuzi kwamba una tani kumi za "copper" wakati una tani kumi za "ore", umemwahidi kitu kingine kabisa na bei yake ni nyingine kabisa. Hapo hakuna kiambishi cha Kiswahili kitakachokuonya. Ni lazima uende ukatazame kilicho ndani ya gunia.

Vile vile sisi tunaendesha kila kitu. Kiingereza huuliza umekaaje. Ukikaa ndani, kama katika gari au lori, ni "drive". Ukikaa juu umepanua miguu, kama kwenye pikipiki au baiskeli, ni "ride". Wale wanaoleta makala, yaani makaa, mjini kwa baiskeli huku kwetu, magunia yakiwa yamepita vichwa vyao, mara nyingi hata hawakai juu yake. Wanaisukuma njia nzima, na hapo ni "push". Nadhani na chukudu zenu za Goma, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ni hivyo: kwenye mteremko "ride", kwenye mlima "push".

Katika mambo ya fedha, hata hivyo, nampa Mwalimu haki yake. Kiswahili kina nauli, ada, bei na gharama, na Kiingereza kinafuata karibu hatua kwa hatua: "fare", "fee", "price", "cost". Minervali, yaani ada ya shule, ya mtoto ni "school fees", na wala si "school price".

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni kwa nini Kiingereza kina maneno mengi hivi kwa kitu kimoja. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, aliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa baada ya hapo wakubwa, mahakama na makanisa walitumia Kifaransa na Kilatini, huku wakulima wakiendelea na lugha yao. Maneno ya pande zote mbili yakabaki. Ndiyo maana mnyama zizini ana jina la mkulima, "cow", na nyama yake mezani ina jina la bwana, "beef", ambalo ni lile lile "boeuf" tunalolijua sisi. Kwa Mkongo hili lina manufaa ya moja kwa moja. Neno la Kiingereza linalokumbusha Kifaransa mara nyingi ni zito na la kiofisi kuliko mwenzake: "commence" ni zito kuliko "begin", "purchase" ni zito kuliko "buy". Nasi tuliosoma Kifaransa huyakimbilia hayo mazito kwa sababu tunayatambua sura, na barua zetu zinasikika kama hati za mahakama. Mengine yamebadilika maana kabisa njiani, kama hilo "demand" lako, au "assist": nimewahi kuona mtu ameandika "I assisted the meeting" akitaka kusema alihudhuria. Kuhudhuria ni "attend". "Assist" ni kusaidia.

Mwandishi wa Himbi (Goma)

Mwalimu, ndugu jirani wa Katindo, na wewe Papa wa Kamalondo, nawashukuru kwa moyo wote. Jana jioni nilikaa na ile barua, nikaiandika upya nikianzia kwenye maneno ya akina mama wenyewe: "We are writing to ask you for six sewing machines for the widows in our association." Niliposoma kwa sauti na kuwaeleza kwa Kiswahili, mzee wao alitikisa kichwa akasema kwamba sasa ndivyo walivyosema. Katika ripoti nimebadilisha "refugees" zote kumi na moja.

Limebaki neno moja linalonisumbua usingizi. Katika orodha yetu kuna wanawake kumi na wanne, na wote nimewaandika "widows who lost their husbands". Mmoja wao alinishika mkono nilipokuwa nikiondoka. Mume wake alikwenda shambani asubuhi moja, mapigano yakaanza, hakurudi, na mpaka leo hakuna aliyeuona mwili wala aliyeleta habari. Yeye huweka sahani yake. Hataki kuitwa mjane. Kwa Kiswahili husema "mume wangu alipotea". Je, "lost" si ndiyo kupotea?

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Dada yangu, mama huyo anajua lugha kuliko kamusi zetu, mshike neno lake kama lilivyo. Yeye anasema "alipotea", hasemi "nilimpoteza". "She lost her husband" kwa Kiingereza ni maneno ya upole ya kusema kwamba mume amekufa, kama sisi tunavyosema amefiwa. Msomaji wa Kampala au Nairobi hatakuwa na shaka yoyote: atamhesabu miongoni mwa wajane. Hata ukiandika "her husband was lost", wengi wataelewa kwamba amekufa.

Neno lake ni "missing". Hutumiwa kwa mtu ambaye hajulikani alipo, na ambaye hakuna aliyethibitisha kifo chake. Linaacha mlango wazi, kama yeye anavyouacha. "Disappeared" nalo lipo, lakini katika ripoti za haki za binadamu msomaji huenda akaelewa kwamba alichukuliwa na watu fulani, nawe hujui kama alichukuliwa, kwa hiyo liache.

Katika sentensi ya wajane weka kumi na tatu. Kisha chini yake andika sentensi ya mama huyo peke yake, kwa namna hii: "One member's husband has been missing since the day he went to his field and the fighting began, and she is waiting for news of him." Kabla ya kuituma, mfasirie kwa Kiswahili, umuulize kama ndivyo.

Mwandishi wa Himbi (Goma)

Nimemsomea leo mchana. Aliniomba nirudie neno "waiting" mara mbili, akauliza lina maana gani, nikamwambia ni kungoja. Akasema niliache.